Fahamu: Ijumaa Nyeusi ilifikaje Uingereza?

Marekani, Ijumaa Nyeusi ina mantiki yake. Alhamisi ya nne ya Novemba ni Sikukuu ya Shukrani. Kesho yake wengi wako mapumzikoni, na maduka hushusha bei kufungua msimu wa Krismasi. Uingereza haina sikukuu hiyo, na Ijumaa hiyo watu wako kazini kama kawaida. Basi nani aliileta? Wauzaji. Amazon ilianza kuitangaza huko mwaka 2010, na mwaka 2013 ikafuata Asda, supamaketi iliyokuwa mali ya Walmart ya Marekani. Mwaka 2014 wateja waligombania televisheni usiku wa manane hadi polisi wakaitwa kwenye maduka kadhaa. Mwaka uliofuata Asda yenyewe ikajitoa, lakini ofa zikahamia mtandaoni na sasa huchukua wiki nzima au zaidi.



Na hilo punguzo? Shirika la kutetea walaji la Which? limebaini mara kwa mara kwamba bidhaa nyingi za siku hiyo huuzwa kwa bei ileile, au chini yake, nyakati nyingine za mwaka. Kabla ya kulipa, ulizia bei ya Oktoba.