Ngano za Jioni: Dawa ya Moyo Isiyouzwa Dukani

MZAZI mwenzangu, hebu jiulize: ni lini mara ya mwisho ulipomtambia mwanao ngano? Wengi wetu tutakuna kichwa. Jioni runinga inanguruma sebuleni, kila mtu ameinamia simu yake, na watoto wanaenda kulala bila kusikia "Paukwa!" hata siku moja.

Wazee wetu hawakuichezea saa hiyo. Kwa Waluo, watoto walikusanyika usiku katika siwindhe, nyumba ya bibi kizee aliyeitwa pim. Humo walitegeana vitendawili, wakafunzwa methali na kusikiliza sigana, yaani hadithi. Katika jamii nyingi ilikuwa mwiko kutamba ngano mchana, watu wasije wakasahau mashamba na mifugo.

Mojawapo ya hadithi zinazojulikana sana Nyanza ni ya Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi karibu na Kendu Bay. Inasimuliwa kwamba hapo zamani palikuwa na kijiji. Usiku mmoja, watu wakiwa katika karamu ya pombe, alitokea ajuza mchafu, mwenye njaa na baridi, akiomba hifadhi. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha, akamlisha na kumpa mahali pa kulala. Ajuza akamwonya aondoke na mumewe usiku ule ule. Walipotoka, mvua kubwa ilimiminika na kijiji kikazama pamoja na wote waliobaki.

Kila mtu ana sehemu yake

Kitabuni, hadithi hii haimalizi dakika mbili. Kinywani mwa fanani stadi inaweza kuchukua nusu saa. Atapinda mgongo kama ajuza, atatetemesha sauti, atanyamaza ghafla mpaka watoto washike pumzi. Ataanzisha wimbo, hadhira iupokee. Atauliza, "Je, walimfungulia mlango?" nao watamjibu kwa kelele. Hakuna anayebaki mpweke.

Hapo ndipo penye tiba. Mtoto anayeonewa shuleni huona haya kusema, "Naogopa." Lakini atakueleza vizuri sana jinsi Sungura alivyomwogopa Fisi. Mzazi mwenye sikio ataelewa ni nani anayezungumziwa.

Hata watu wazima wanaihitaji dawa hii. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu kutoka makwao. Viongozi walitia sahihi mkataba wa amani Februari 28, 2008, lakini sahihi peke yake haiwarejeshi majirani kwenye kisima kimoja. Ukimwambia jirani, "Ulinifukuza," atajitetea. Mkisikiliza pamoja kisa cha ajuza wa Simbi, kila mmoja atajiuliza mwenyewe: mimi ningemfungulia?

Ni kweli, ngano hairudishi shamba wala haichukui nafasi ya haki. Kazi yake ni kufungua vinywa vilivyofungwa na uchungu, na mazungumzo hayawezi kuanza vinywa vikiwa vimefungwa.

Anzia nyumbani

Tenga jioni moja kwa juma. Zima runinga, simu ziwekwe kando. Anza na vitendawili ili hata mwenye haya apate la kusema. Wimbo wa ngano uimbwe kwa lugha ya mama. Watoto wataushika upesi kuliko unavyodhani. Ukifika mwisho, usihubiri. Waulize wao wangefanya nini.

Nyanya akija kutoka mashambani, usimkalishe mbele ya runinga na kikombe cha chai. Yeye ndiye pim wenu. Mpe nafasi.

Usiseme hujui kutamba. Leo jioni, baada ya chakula, ita tu "Paukwa!" Huenda ukashangaa ni nani atakayekuwa wa kwanza kuitikia "Pakawa!"