Mizani Haijashuka? Usiache Mazoezi

Wengi wetu huanza mazoezi kwa bidii, lakini baada ya mwezi mmoja tukipanda kwenye mizani na kukuta kilo ni zile zile, viatu hurudi chini ya kitanda. Mizani, hata hivyo, haioni yanayotendeka tumboni.

Utumbo mpana una matrilioni ya bakteria. Wengi wao si wa kuleta magonjwa. Hula nyuzinyuzi za sukuma wiki, maharagwe na mtama tusizoweza kuzisaga wenyewe, kisha hutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo.

Mwaka 2018, watafiti nchini Finland walichapisha matokeo ya wanawake 17 wenye uzito kupita kiasi. Waliendesha baiskeli ya mazoezi mara 3 kwa wiki, kwa wiki 6, bila kubadilisha chakula. Uzito haukupungua kwa kiasi cha kutajika. Lakini bakteria aina ya Akkermansia, wanaohusishwa na afya njema ya mwili, waliongezeka. Ni utafiti mdogo, kweli, ila unatia moyo.

Mwaka uo huo, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliripoti kwamba washiriki walipoacha mazoezi kwa wiki 6, mabadiliko mengi tumboni yalitoweka.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 kwa wiki. Kutembea kwa kasi kunatosha: uweze kuongea, ushindwe kuimba. Ukiwa na presha, kisukari au maumivu ya kifua, mwone kwanza mhudumu wa afya katika zahanati iliyo karibu nawe.