Kutoa si kupana: Funzo la mchezo wa akina mama

Kila nisikiapo mtu akisema, "Amepeana pesa," huuliza: kapeana na nani? Kitenzi 'peana', au 'pana' kama tusemavyo wengi wetu Mombasa, kina kiambishi -an- cha kutendana. Lazima wawepo wawili. Anayetoa bila kutarajia kurudishiwa ametoa, basi. Ndiyo maana methali husema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri" ('usambe' ni 'usiseme').

Tofauti hii niliielewa vyema Kibokoni, Mji wa Kale, katika mchezo wa akina mama. Hebu tupige hesabu. Wanawake 10 huchanga shilingi 1,000 kila mwezi, na mmoja huondoka na 10,000. Akishapokea, wa kwanza bado anadaiwa 9,000. Wa mwisho, kabla ya zamu yake, keshawakopesha wenziwe 9,000 bila hata karatasi. Zamu basi ni kipimo cha kuaminiana, na katika mchezo ule wazee ndio waliotangulia. Kijana alingoja mpaka ajulikane.

Siku hiyo mambo yakageuka. Bibi mwenye zamu ya kwanza alimwachia msichana aliyejifungua juzijuzi, yeye akachukua ya mwisho. Nikamsifu: "Bibi, umempa zamu yako!" Akanikata kauli: "La, mwanangu. Sikumpa, tumepana. Kesho n'kiugua, n'tamwita nani?" Msichana akainamisha kichwa. Alijua amepokea deni lisiloandikwa.

Ushirika huu si wa jana. Mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, alieleza jinsi vyama vya ngoma ya lelemama vilivyowaunganisha wanawake, wakashindana na pia wakasaidiana.

Na wanaume barazani je? Mmoja hulipia wote kahawa, na kumkumbusha mwenzio kwamba jana ulilipa wewe ni aibu. Lakini kesho mwingine hulipa. Nako ni kupana, ila kumevaa kanzu ya kutoa.

Kwa hivyo tusiseme "amepeana" tukimaanisha "ametoa". Tukiiua maana ya -an-, tutakosa neno la kulitaja deni la yule msichana. Ukitoa, sema umetoa. Mkipana, jua ipo zamu inayokungoja.