Kalemie: Gari moja la zamani, bei mbili

Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika, gari la zamani si la kuwekwa uani na kutazamwa. Linafanya kazi. Land Cruiser iliyotoka kiwandani Japani wakati nchi ingali inaitwa Zaire inapakia leo mahindi toka upande wa Nyunzu, wiki ijayo inapanda barabara ya Bendera, na mwezi unaofuata iko chini ya mwembe bila betri, ikingoja piese. Siku mwenyewe anapoamua kuiuza, mara nyingi kuna haja inayombana: masomo ya mtoto aliye Lubumbashi, malipo ya hospitali, mtaji wa biashara ya samaki. Haja hiyo ndiyo inayoshusha bei kabla mnunuzi hajafungua mdomo.

Komisionere huinusa haraka. Anazunguka gari, anapiga tairi teke, anataja idadi ya miaka, kisha anasema gari la umri huo haliwezi kufika bei fulani. Kwa magari mengi maneno hayo ni kweli. Lakini kwa baadhi ya magari si kweli hata kidogo, na komisionere mzoefu analijua hilo kuliko mwenye gari. Ananunua kwa bei ya chuma kikuukuu, kisha anampigia simu mtu wa Lubumbashi au Goma ambaye amelitafuta gari la namna hiyo kwa muda mrefu.

Sababu ni kwamba gari moja la zamani lina bei mbili. Bei ya kazi hulipwa na mtu anayetaka kupakia mizigo. Bei ya pili hulipwa na shabiki, yule anayelitaka gari lenyewe: aina yake, mwaka wake, hata mlio wa moteri yake. Watu hawa wawili hawaangalii vitu vilevile, na hapo ndipo wauzaji wengi wanapoteza pesa zao.

Mashabiki hao si hadithi. Nairobi kuna mashindano ya Concours d'Elegance tangu mwaka 1970, ambako magari na pikipiki hupewa alama kwa usafi na hali yake. Tangu 2003 Kenya imekuwa na mbio za East African Safari Classic, za magari ya zamani peke yake. Na mwezi wa 10 mwaka 2024, mji wa Arusha, Tanzania, ulijaza mamia ya Land Rover katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya gari hilo tu. Mengine yalikuwa yametoka moja kwa moja kwenye kazi ya kubeba watalii na mizigo. Kalemie haina tamasha la namna hiyo. Lakini Kalemie ina magari, na hilo lina historia yake.

Mji huu, ulioitwa zamani Albertville, ulikuwa na bandari, reli ya kwenda Kabalo, kiwanda cha nguo cha Filtisaf na misioni za Kikatoliki zilizotapakaa kando ya ziwa. Kazi kama hizo zilihitaji magari magumu. Baadaye, miaka ya vita, mashirika ya misaada yalileta mengine, mengi yakiwa Land Cruiser nyeupe. MONUSCO ilipofunga kazi zake katika jimbo la Tanganyika mwaka 2022, ulifungwa pia ukurasa mmoja wa magari hayo katika barabara za mji.

Kabla ya kutaja bei yoyote, mwenye gari anapaswa kujua anauza nini hasa, na kwa Land Cruiser jibu limeandikwa kwenye gari lenyewe. Kuna kibati ndani ya sehemu ya moteri, na kuna namba iliyochongwa kwenye shasi, upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Herufi za mwanzo zinasema kila kitu. FJ40 ni gari la esansi lenye moteri ya F. BJ40 ni ndugu yake wa mazuti, wenye moteri ya B. Aina hiyo ya 40 ilitengenezwa toka 1960 hadi 1984, na ndiyo inayowafanya mashabiki wa Marekani na Ulaya wasilale. HJ60 ilikuja miaka ya 1980. HZJ75 ina moteri ya 1HZ, silinda sita, lita 4,2, mazuti bila turbo, moteri ambayo Toyota iliianza mwaka 1990 na ambayo fundi wa garaji yoyote ya Kalemie anaweza kuifungua akiwa amefumba jicho moja.

Sasa tuseme mwenye FJ40 alichoka na ulaji wa esansi, akang'oa moteri ya zamani na kuweka 1HZ. Mfanyabiashara wa mahindi atafurahi na ataongeza pesa: gari sasa linakula mazuti na piese zinapatikana. Shabiki atakunja uso. Kwake FJ bila moteri ya F imepoteza nusu ya jina lake. Ni vilevile kwa viti vilivyobadilishwa, taa mpya za kichina, vyuma vizito vilivyochomelewa mbele, na dashibodi iliyokatwa ili redio kubwa iingie. Kila kitu hapo ni faida au hasara kulingana na nani amesimama mbele ya gari akiwa na pesa mfukoni.

Kosa linaloumiza zaidi ni rangi. Mwenye gari anakopa dola mia kadhaa, analipeleka kwa mpiga rangi, linarudi likimeremeta kama sahani. Anadhani amepandisha bei. Mnunuzi wa kazi hajali rangi. Shabiki naye, akiona rangi mpya juu ya gari la miaka 30, anajiuliza kilichofichwa chini yake: kutu, mastiki, alama ya ajali. Rangi ya kiwandani iliyopauka na kukwaruzwa, bila tundu la kutu, humpa imani kuliko rangi ya juzi. Pesa hizo zingetumika vizuri zaidi kwenye breki, au kwenye kuosha shasi ili ionekane.

Chini ya gari ndiko shabiki wa kweli anakoanzia. Hapa Kalemie ina bahati ambayo wengi hawaifikirii. Magari ya Dar es Salaam na Mombasa hupigwa na hewa ya chumvi ya bahari. Yale ya Ulaya huliwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Maji ya Ziwa Tanganyika si ya chumvi. Shasi iliyozeeka hapa inaweza kuwa nzima kuliko ya gari dogo kwa umri lililoletwa toka pwani, na muuzaji ana haki ya kulisema jambo hilo kwa sauti.

Lakini ziwa limepanda. Miaka ya karibuni, na kwa nguvu mwaka 2024, maji yaliingia katika sehemu za chini za mji. Gari lililosimama ndani ya maji si sawa na gari lililonyeshewa. Fundi atafungua kifuniko cha difa: oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yaliingia. Atainua zulia na kugusa sakafu. Muuzaji aliyenyamaza kuhusu mafuriko atakamatwa hapo, na kuanzia dakika hiyo hakuna neno lake jingine litakaloaminiwa, hata lile la kweli.

Mkanda wa 1HZ ni jambo jingine dogo lenye uzito. Moteri hiyo haitumii mnyororo, inatumia mkanda wa mpira, na desturi ni kuubadilisha kila kilomita 100 000. Ukikatika, moteri inaweza kuharibika ndani. Karatasi ya garaji inayoonyesha tarehe ya kuubadilisha, hata kama imechafuka kwa grisi, ina thamani mezani. Bila karatasi hiyo, mnunuzi atahesabu kwamba haujabadilishwa, naye atakuwa na haki.

Kisha kuna hati, na hapa ndipo mambo hukwama zaidi kuliko kwenye moteri. Magari yaliyoingia kwa jina la shirika la misaada mara nyingi yaliingia kwa msamaha wa ushuru. Msamaha ni wa shirika, haumfuati mnunuzi wa mtaani. Kama shirika liliuza gari na hakuna aliyeenda duane kulipa, deni linatembea pamoja na gari. Anayetaka kuuza kwa bei nzuri anaanza kwa kumaliza jambo hilo, au anaitaja wazi na kukata kiasi chake kwenye bei. Kuificha ni kumuuzia mtu kesi.

Hati za zamani zisitupwe. Karatasi ya duane yenye jina la OFIDA, idara iliyotangulia DGDA ya leo, au karte roze inayoitaja Shaba, jina la Katanga wakati wa Zaire, huonekana kama takataka kwa macho ya wengi. Kwa shabiki ni cheti cha kuzaliwa. Inathibitisha kwamba gari liliingia mapema, halikuunganishwa juzi toka magari matatu yaliyokufa. Namba ya shasi iliyo kwenye karatasi ikilingana na ile iliyochongwa kwenye chuma, mazungumzo ya bei hubadilika.

Bei yenyewe inahesabiwaje? Mwanzo mzuri ni bei ya kazi: mtu aulize garaji mbili tatu magari ya aina hiyo yaliuzwa kwa kiasi gani, siyo yaliombewa kiasi gani. Kuombwa ni ndoto, kuuzwa ni habari. Halafu akate matengenezo yanayosubiri. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, gari zima la aina hiyo hapa mjini linatoka kwa dola 8 000, na lako linahitaji pompu ya mazuti na ressort kwa dola 1 200. Bei yako ya kazi ni 6 800. Kama gari halijachezewa na hati zake zimekamilika, shabiki atapanda juu ya hapo; kupanda kiasi gani, hilo linategemea kama wamepatikana mashabiki wawili badala ya mmoja. Na kama anaishi Lubumbashi, atakata pia gharama ya kulifikisha, maana kati ya Kalemie na huko hakuna safari nyepesi, iwe kwa reli, iwe kwa barabara.

Kuna wanaofungua simu, wakaona FJ40 imeuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 50 000, wakarudi wakiomba 40 000. Bei hizo zipo kweli. Ni za magari yaliyotengenezwa upya hadi msumari wa mwisho, yaliyosimama kwenye karakana kavu, yenye picha mia mbili. Sheria ya Marekani inaruhusu gari lililofikisha miaka 25 kuingia bila kutimiza masharti ya usalama ya magari mapya, na volanti ya kushoto, tuliyo nayo Kongo, inapendwa huko kuliko ile ya kulia ya Tanzania. Hilo ni jambo zuri la kujua. Lakini toka Kalemie kuna kuvuka ziwa hadi Kigoma, safari ndefu hadi Dar es Salaam, meli, duane za nchi tatu. Atakayebeba mzigo huo wote atataka sehemu yake, na haitakuwa ndogo.

Tangazo lenye kufaa halina maneno ya kusifu. «Gari safi sana, bei poa» halimwambii shabiki kitu. Anataka aina, mwaka, moteri, picha za chini ya gari, picha ya kutu palipo na kutu, na sentensi moja inayosema nini hakifanyi kazi. Na siku ya kuja kuona, moteri isiwashwe kabla. Anataka kuisikia ikiamka baridi. Akikuta imeshapata moto, atajua ina shida ya kuwaka asubuhi.

Komisionere si lazima awe adui. Anajua wanunuzi, anatembea, ana simu inayolia. Lakini makubaliano ya malipo yake yawekwe mwanzo, kwa kiasi kinachojulikana, wala siyo ule mtindo wa «wewe nipe yako, kinachozidi ni changu», ambao umewafanya watu wengi wauze gari la shabiki kwa bei ya mahindi.

Malipo ni kwa dola, na kila mtu anajua noti iliyochanika kidogo tu inakataliwa Kongo. Hesabu ifanyike benki, noti zipite kwenye mashine, mashahidi wakiwepo, na hati ya kuuza iandikwe ikiwa na namba ya shasi, siyo plaki peke yake. Kisha inabaki kazi ambayo wengi huiacha kwa sababu pesa zimeshaingia mfukoni: kubadilisha jina kwenye karte roze. Mpaka ifanyike, ajali yoyote ya gari hilo kwenye barabara ya Moba au Nyunzu itamtafuta yule ambaye jina lake bado limeandikwa pale.