Chumba cha Futi Kumi kwa Kumi: Stara Kwanza, Makochi Baadaye



Kila mwezi wa Shaaban unapoelekea ukingoni, maduka ya samani mjini Mombasa hujaa watu. Mama hutaka Ramadhani imkute na mapazia mapya, baba hutaka wageni wa Idi wakae pahali pa heshima, na bwana harusi mtarajiwa hutafuta kitanda ambacho wakwe hawatakisema. Haya yote ni matakwa mema, na kupamba nyumba si jambo la kulaumiwa. Lakini wengi wetu hununua kabla ya kupima, tukapamba kabla ya kupanga. Kisha chumba kinajaa, na haja zilizotupeleka dukani zinabaki pale pale.

Na tuchukue chumba wanachokijua wasomaji wetu wengi, wa Majengo, Kisauni au Likoni: futi 10 kwa futi 10, yaani futi za mraba 100. Familia ina vyumba viwili kama hivyo, na watoto wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili. Katika chumba cha mbele yameletwa makochi ya watu saba. Kochi la watu watatu, la futi 7 kwa 3, linakula futi za mraba 21. La wawili, futi 5 kwa 3, linakula 15. Viti viwili vya mtu mmoja mmoja vinakula 18. Tia meza ya katikati, 8, na kabati la televisheni, 10. Jumla ni 72. Mlango nao wahitaji kiasi cha futi za mraba 9 ili ufunguke. Zilizobaki ni 19, tena vipande vipande, hapa ukanda, pale pembe. Mswala mmoja unahitaji kiasi cha 8. Basi nyumba yenye watu sita haina pahali pa baba kuswalisha wanawe, wala pa kutandika mkeka wa futari.

Hiyo ni hesabu ya mchana. Ya usiku ni nzito zaidi. Watoto wanne hutandikiwa godoro moja baina ya makochi, wa kike na wa kiume pamoja, kwa kuwa nafasi ni hiyo tu. Nasi sote twaijua ile hadithi aliyoipokea Abu Daud, kwamba watoto waamrishwe swala wakiwa na miaka saba, na wafikapo kumi watenganishwe malazi. Mzazi akiulizwa hujibu kwamba nyumba ni ndogo. Kweli ni ndogo, ila zile futi 72 zilizopewa samani zingetosha kuwatenganisha.

Wazee wetu wa pwani walilitazama jambo hili kwa jicho jingine. Nyumba za mawe za Lamu, ambazo mfano wake mmoja wa karne ya 18 umehifadhiwa huko kama makumbusho, hazikuwa na vyumba vipana. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba: kwa kawaida haukuzidi mita tatu. Tajiri mwenye majahazi alilala katika chumba chembamba kuliko cha mpangaji wa leo! Kilichoipa nyumba yake haiba ni mpango. Nje palikuwa na daka, ambapo mgeni wa kupita huketi asiingie. Kisha kiwanda kilicho wazi juu, na sabule ya mgeni wa kulala, iliyojitenga. Halafu misana, mmoja nyuma ya mwingine, na sakafu ikipanda kidogo kila uingiapo ndani zaidi. Misana hiyo haikutengwa kwa milango, bali kwa mapazia. Mwisho kabisa ni ndani, chumba cha wenye nyumba, na kwenye ukuta wake zidaka zilizochongwa kwa chokaa, zikiwekwa vyombo. Mapambo yalikuwa ndani ya ukuta na hayakula hata futi moja ya sakafu. Kila hatua ilikuwa na mtu wake, na macho ya barabarani hayakufika ndani.

Hatuwezi kujenga kiwanda ndani ya chumba cha kupanga. Mpango wenyewe, hata hivyo, unaweza kuhamishwa, na kwa gharama ndogo.

Chumba cha nyuma kiwe cha wazazi na mtoto mchanga, chenye pazia mlangoni hata kama mlango unafungika. Sura ya An-Nur, aya ya 58, imezitaja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani huomba ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya swala ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya swala ya isha. Mtoto hujifunza adabu hiyo pakiwa na kitu cha kumsimamisha.

Chumba cha mbele kigawanywe kwa pazia kutoka ukuta hadi ukuta, futi 4 kutoka ukuta ulio mbali na mlango. Ukanda huo wa futi 4 kwa 10 ni wa mabinti. Mnaingia kitanda cha ghorofa, au dabodeka kama kiitwavyo madukani, cha futi 3 kwa 6, na bado hubaki nafasi ya kabati dogo la nguo miguuni pake. Sehemu ya mbele, futi 6 kwa 10, ni ya wavulana usiku na ya familia nzima mchana. Badala ya makochi, wekeni magodoro mawili membamba ya futi mbili na nusu kwa 6, moja kila ukuta wa pembeni, yakiwa na foronya ngumu na mito ya kuegemea. Huo ni mtindo wa majlisi, ambao nyumba zetu hazikuukopa jana. Kila godoro hukalisha watu watatu. Basi mmepata nafasi ya watu sita, na katikati pamebaki uwanja wa futi 5 kwa 6, mtupu, wa mkeka, wa kula na wa kuswalia. Mlango ukiwa pembeni, godoro la upande huo lisogezwe usigonge. Mgeni wa kiume akilala, hulala na wavulana, na mabinti huhamia kwa mama yao.

Jambo moja fundi wa mapazia hatawaambia: pazia lisifike dari. Liacheni futi moja juu, kwa kuwa dirisha huwa upande mmoja tu wa chumba, na miezi ya Kusi na ya Kaskazi upepo ndio feni ya maskini. Kitambaa cha amerikani kinatosha, na leso zilizounganishwa pia hufaa. Wala msisukume kabati mbele ya dirisha. Nimeziona nyumba ambazo taa huwaka saa sita mchana kwa sababu kabati limesimama mbele ya jua.

Katika mapambo, Bibi Aisha (radhi za Allah ziwe juu yake) ametuachia somo ambalo kina mama watalipenda. Alitundika pazia lenye picha, Mtume (rehema na amani zimshukie) akalichukia; naye hakulitupa, bali alilikata akashona mito. Bukhari na Muslim wameipokea habari hiyo. Pazia lililochakaa, dera lililopasuka na shuka iliyotoboka katikati ni foronya zinazongojea mkasi. Na katika mapokezi mengine Mtume alitaka pazia liondolewe kwa kuwa picha zake zilimjia akiwa katika swala. Qibla chetu hapa Mombasa kinaelekea karibu kaskazini kamili. Ukuta huo uacheni mweupe. Televisheni iende kwingine.

Kuta nyingine zipambwe kwa vitu vyenye kazi. Kawa la kufunikia chakula, lililosukwa kwa rangi, ni zuri zaidi ya maua ya plastiki yanayokusanya vumbi. Mkeka wa miyaa ukiwa haujatandikwa huweza kutundikwa. Ubao mmoja uliopigwa randa, ukapandishwa juu ya mlango, hubeba masanduku na hufanya kazi ya zidaka. Mpangaji amuombe mwenye nyumba idhini kabla ya kupiga msumari, maana ukuta wa matumbawe na chokaa humomonyoka. Na asmini kwenye kisahani jioni, pamoja na chetezo cha udi, haviombi nafasi yoyote.

Sasa nije kwenye fedha. Miaka michache iliyopita niliitwa kusuluhisha vijana walioingia nyumbani na seti kamili ya chumba cha kulala: kitanda, meza ya kioo, na kabati ambalo milango yake minne haikuwahi kufunguka yote kwa kuwa chumba hakikulitosha. Vilichukuliwa kwa mkopo. Mwezi wa tano malipo yakakwama, na wenye duka wakaja na mkokoteni adhuhuri, majirani wakitazama. Yule binti hakulilia kitanda. Alililia macho ya watu. Ndoa ilibaki kwa uzi.

Jamhuri ya wanazuoni wamejuzisha kuuza kwa malipo ya polepole, hata kwa bei iliyozidi ya taslimu, maadamu bei moja imekatwa na kujulikana kabla ya kuachana. Kisichojuzu ni nyongeza inayozaliwa na kuchelewa, kwani hiyo ni riba. Basi kabla ya kutia sahihi ulizeni mambo mawili: jumla nitakayolipa ni ngapi, na nikichelewa itakuwaje? Mikopo ya simu kwa ajili ya makochi, mimi binafsi naiona ni kuingiza moto ndani ya nyumba.

Aliye na kidogo anunue kwa zamu. Magodoro yatangulie, mazito ya sponji, si laini yanayobonyea hadi sakafuni baada ya miezi sita. Kisha dabodeka, cha chuma hushika kutu kwa hewa yetu ya chumvi, hivyo kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuingia ndani. Ubao uliogandishwa kwa gundi na kuvikwa karatasi ya rangi ya mvule huvimba kwa unyevu. Kitanda kikuukuu cha mbao halisi ni bora. Kagueni mishono na viungo kwa kunguni, gongeni mbao mkisikiliza kama ni tupu ndani kwa mchwa, na kabla ya kulipa chorea sakafu yako kwa chaki vipimo vyake, uishi na mchoro huo siku mbili.

Kazi ya ukuta itangulie yote hayo, wakati chumba bado kitupu. Kwenye kuta za matumbawe tumieni chokaa, si rangi ya mafuta, kwani rangi ya mafuta hufungia unyevu ndani na kubanduka. Chokaa ni rahisi, na weupe wake huzidisha mwanga. Pakeni siku ya jua, mikono miwili au mitatu myembamba, na madirisha yalale wazi usiku huo.