Neno Lipo, Njia Ndiyo Imeharibika

Mwaka jana mama mdogo wangu, anayeishi Ubelgiji, alianza kunyamaza katikati ya sentensi kila alipotupigia simu. Nyumbani tulisema Ulaya imemfundisha maringo. Kumbe alikuwa na ugonjwa wa multipo sklerosisi. Ninaandika kwa sababu sisi tunaosoma isimu tungepaswa kuwa wa kwanza kumtofautisha mtu asiyetaka kusema na mtu ambaye neno linamchelewa.

Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili hushambulia mayelini, yaani ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo. Uzi wenye ala nzima huweza kupitisha ujumbe kwa zaidi ya mita 50 kwa sekunde. Ala ikiharibika, ujumbe hukawia au hukatika. Jean-Martin Charcot, aliyeueleza ugonjwa huu mjini Paris mwaka 1868, aliona tayari kwamba kumbukumbu za wagonjwa hudhoofika na mawazo yao huja polepole. Leo inakadiriwa kwamba asilimia 40 hadi 65 ya wagonjwa hupata matatizo ya namna hiyo.

Kwa nini? Kutaja neno si kazi ya sehemu moja ya ubongo. Maana, sauti na mwendo wa ulimi hutegemea sehemu mbalimbali ambazo lazima ziwasiliane kwa wakati. Uchunguzi wa MRI umeonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa, hasa mwanzoni, hushirikisha sehemu nyingi kuliko kawaida, kama dereva anayepita vichochoroni barabara kuu inapofungwa. Hilo huweza kusaidia kwa muda. Madhara yakizidi, vichochoro navyo huelemewa, na mgonjwa huanza kuchelewa.

Hapa ndipo kitivo chetu kinapohusika. Katika kipimo kimoja cha wepesi wa kufikiri, mgonjwa huoanisha alama 9 na tarakimu kwa sekunde 90, mara nyingi akijibu kwa mdomo. Kwa Kifaransa, tarakimu 1 hadi 9 hutamkwa kwa silabi mojamoja. Zetu, kuanzia moja hadi tisa, zina silabi mbilimbili. Kipimo kingine humtaka ataje maneno yanayoanza na herufi fulani. Mpe K kwa Kiswahili, naye atasema kula, kulala, kucheza: sarufi imemjibia. Afadhali aombwe majina ya wanyama. Anayetafsiri vipimo hivi bila kuvijaribu upya kwa wasemaji wetu anaweza kumwita mzima mgonjwa, na mgonjwa mzima.

Siku hizi mama mdogo akinyamaza, simtajii neno. Ninahesabu moyoni. Mara nyingi, kabla sijafika kumi, neno linakuja, tena ni lile lile alilolitaka.