Bata wa Nyumbani: Kazi Iko Mwezi wa Kwanza

Mwezi huu tuongee juu ya bata. Hatusemi bata mzinga. Tunasema bata huyu tunayemwona kila siku akipita kati ya nyumba, mwenye vinundu vyekundu usoni, asiyepiga kelele. Vitabuni anaitwa Muscovy. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, na watu wa huko walimfuga kabla Wazungu hawajafika. Kwa hiyo naye ni mgeni hapa West Nile, lakini amezoea.

Kwa nini bata? Hali ya mgao kila familia inaijua. Mwaka 2023 shirika la WFP liligawa familia katika makundi matatu, na kundi la tatu likatolewa kwenye mgao kabisa. Mtoto akija darasani hajala, sisi tunamwona. Kiwanja cha mita 30 kwa 30, kama wengi walivyopewa Rhino Camp na Imvepi, hakitoshi kufuga ng'ombe. Lakini majike manne na dume moja wanaenea. Na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na biashara, kwa hiyo kupeleka bata soko la Koboko au la Arua si kosa.

Mtu atauliza, mbona si kuku? Kuku ni wazuri, ila kideri kikiingia kinamaliza banda zima. Bata ni nadra kuugua kideri. Lakini angalia: anaweza kubeba ugonjwa huo bila kuonyesha dalili, akawaambukiza kuku. Kama unafuga wote wawili, walaze mbali mbali, na kuku wapate chanjo.

SIKU 35

Jike huanza kutaga akiwa na miezi sita au saba. Hutaga mayai kati ya 8 na 15, halafu anaatamia. Mtengenezee kiota chini, pahali pakavu penye kivuli: boksi la zamani au chungu kilichovunjika mdomo, na majani makavu ndani. Mayai ya kuku yanaanguliwa siku ya 21, ya bata huyu siku ya 35. Wengi wanakata tamaa hapo katikati, wanasema mayai yameoza, wanayatupa. Subiri! Watoto wapige mistari ukutani kwa mkaa, mmoja kila siku. Ni hesabu nzuri kwa wadogo na mama bata hasumbuliwi.

Mara moja kwa siku atatoka kula na kuoga, atarudi na manyoya mabichi. Msimfukuze. Ule unyevu unasaidia mayai.

MWEZI WA KWANZA

Hapa ndipo faida inapopotea. Bata mkubwa anajitafutia mwenyewe: majani, konokono, nzi, viluwiluwi vya mbu. Kifaranga hawezi. Jike anaangua vifaranga kumi, baada ya wiki mbili wamebaki watatu, na watu wanasema ni bahati mbaya. Mara nyingi si bahati, ni mambo haya:

Kwanza, baridi. Bata ni ndege wa maji, lakini kifaranga akilowa mvua bila mama karibu, anakufa. Usiku na wakati wa mvua wawe ndani pamoja na mama yao.

Pili, maji. Hawahitaji bwawa. Wakubwa wapewe beseni ambalo kichwa chote kinaingia, maana hapo wanaosha macho na pua. Wadogo wapewe sahani, uweke mawe ndani wasizame. Maji yawe karibu na chakula kila wakati, kwa sababu pumba kavu inawakaba kooni. Ni vizuri pumba iloweshwe kidogo.

Tatu, wezi wa porini. Mwewe mchana, kicheche na panya usiku. Wiki nne za kwanza wafunikwe kwa tenga kubwa au wakae kwenye banda lenye mlango unaofunga kabisa.

Nne, kuvu. Hili tunaomba lisomwe mara mbili. Karanga au mahindi yakiota ukungu, mtu anasema, tusitupe, tuwape bata. Hapana! Kuvu hiyo huwa na sumu inayoharibu ini, na kifaranga wa bata anaathirika nayo haraka kuliko kifaranga wa kuku. Mwaka 1960 huko Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa kula mashudu ya karanga yenye sumu hiyo, na vifaranga wa bata walikufa pia. Sumu hiyo hiyo inaumiza ini la binadamu, na kupika hakuiondoi yote. Kwa hiyo karanga ambayo huwezi kumpa bata, usimpe mtoto wako pia. Maganda mabichi ya muhogo mchungu nayo ni sumu.

Chakula kizuri ni pumba safi ya mahindi au mtama, machicha ya kwete yasiyolala siku nyingi, mchicha uliokatwakatwa, na kumbikumbi wakati wao.

MAJIRANI NA AFYA

Bata hajui mpaka. Akiingia kwenye miche ya jirani au ya wenyeji wetu, ugomvi unaanza. Wafungie mpaka jioni wakati wa kupanda. Wasikaribie bomba la maji wala mitungi, kinyesi chao kinaleta kuhara. Mayai yaive kabisa, na watoto wanawe mikono kwa sabuni.

Januari 2017 mafua ya ndege yalithibitishwa hapa Uganda, upande wa Ziwa Victoria, yakapata ndege wa porini, na huko Masaka bata na kuku wa kufugwa. Basi, ndege wengi wakifa ghafla, msiwale, msiwauze, msiwashike mikono mitupu. Mwambieni afisa mifugo siku hiyo hiyo.

TUPIGE HESABU

Tuseme jike mmoja anaangua mara tatu kwa mwaka, vifaranga 9 kila mara. Wakibaki watatu, kwa mwaka una bata 9. Wakibaki saba, una 21. Jike ni yule yule, kiwanja ni kile kile. Tofauti ya bata 12 imetoka kwenye tenga, sahani ya maji na pumba safi. Bata 12 hao ni madaftari na sare, na bado nyumbani mnakula nyama.

Usiuze wote. Bakiza majike wazuri, na dume mbadilishane na familia nyingine, ndugu wasizaliane. Anayeanza aanze na jike mmoja au wawili tu. Akishajua kuvusha vifaranga mwezi wa kwanza, ndipo aongeze.